Mradi wa Maonyesho ya Sayansi kwa Kutumia Kamera: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Mlezi

Miradi mingi ya watoto inayofika kwenye maonyesho ya sayansi ikiwa na picha nzuri ina kasoro moja: picha zimebandikwa ubaoni kama mapambo, na hakuna chochote kilichopimwa kutoka ndani yake. Mtoto amepiga picha ya maharage yaliyoota, ameandika siku chini yake, na kazi imeishia hapo. Mwongozo huu ni kwa mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka kumsaidia mtoto wa miaka 9 hadi 14 hivi kwenda mbele zaidi, yaani kuitumia kamera kama chombo cha kupimia kilicho sawa kwa hadhi na rula, saa au mizani. Kamera ya bei kubwa haihitajiki. Simu yoyote inayopiga picha na video zinazoonekana vizuri inatosha kwa karibu kila kitu kilichoelezwa hapa.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: picha lazima izae namba. Namba hiyo inaweza kuwa urefu, pembe, idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video), upana kwa piseli (vidoti vidogo vinavyounda picha) au kiwango cha mwangaza. Ikiwa mtoto hawezi kueleza ni namba gani atakayoisoma kwenye picha zake, bado hana mradi, hata kama tayari ana wazo zuri.

Kuanza na swali

Anzeni wiki 6 hadi 8 kabla ya maonyesho, kwa kuwa baadhi ya miradi hutegemea jua, mbalamwezi au ukuaji wa mmea, na mambo hayo hayaharakishwi. Mpe mtoto daftari ambalo litatumika kwa kazi hii pekee. Ukurasa wa kwanza aandike swali lake katika sentensi moja yenye kitu kimoja kinachobadilishwa na kitu kimoja kinachopimwa. "Nataka kujifunza kuhusu mwanga" si swali la utafiti. "Je, ukubwa wa tundu la kamera ya boksi unaathiri vipi ukali wa picha?" ni swali, kwa sababu linataja kinachobadilishwa, ambacho ni ukubwa wa tundu, na kinachopimwa, ambacho ni ukali wa picha.

Chini ya swali aandike nadharia tete yake, yaani jibu analolitarajia pamoja na sababu, kabla hajapiga picha hata moja. Usimsahihishe hapo. Jibu analolitarajia likija kupingwa na vipimo vyake mwenyewe, mradi unakuwa bora zaidi, mradi tu karatasi ioneshe kwamba aliliandika mapema na hakulibadilisha baadaye.

Kuidhibiti kamera yenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayoharibu matokeo. Kamera ya simu imetengenezwa ili ipendeze macho, kwa hiyo kila inapopiga picha huamua yenyewe kiasi cha mwanga, sehemu ya kulenga na rangi. Ikiwa picha ya Jumatatu imeongezewa mwangaza na ile ya Jumatano imepunguziwa, kuzilinganisha ni kazi bure. Tafuteni kwenye programu ya kamera sehemu inayoruhusu kuweka vipimo kwa mkono, au angalau kufunga fokasi na mwangaza, jambo ambalo kwenye simu nyingi hufanywa kwa kubonyeza skrini na kuishikilia kwa muda. Zimeni vichujio, urembeshaji na maboresho yote yanayofanywa na simu bila kuulizwa.

Kisha kamera isitikisike. Stendi ya miguu mitatu ni bora, lakini rundo la vitabu lenye simu iliyobanwa katikati linafaa pia, mradi mahali pake pawekewe alama kwa utepe wa gundi ili kamera irudi pale pale. Ndani ya kila picha pawepo rula au kitu kingine chenye urefu unaojulikana, kikiwa kwenye umbali ule ule na kitu kinachopimwa. Rula iliyo nyuma sana huonekana ndogo kuliko ilivyo, na vipimo vyote vitakavyotokana nayo vitakuwa na makosa.

Mradi wa kwanza: kitu kinachoanguka

Huu ndio mradi ninaoupendekeza kuliko yote kwa mtoto aliyekwisha kujua kuzidisha na kugawanya, kwa sababu video ya sekunde moja hutoa jedwali zima la namba, na namba hizo zinaweza kulinganishwa na sheria iliyojulikana kwa karne kadhaa. Galileo Galilei, mwanasayansi wa Italia ambaye kazi yake kuhusu mwendo ilichapishwa mwaka 1638, hakuwa na saa iliyoweza kupima mwanguko wa wima, hivyo aliupunguzia kasi kwa kuviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa. Mtoto mwenye simu anaweza kuutazama mwanguko wenyewe.

Swali linaweza kuwa: je, kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi? Tafuteni gololi kubwa ya chuma, mpira uliotengenezwa kwa mpira pekee na mpira wa tenisi ya mezani. Bandikeni ukutani kipande cha karatasi kirefu kilichochorwa mistari kila baada ya sentimita 10, kuanzia sakafuni hadi mita 1.5. Wekeni kamera mita 2 au zaidi kutoka ukutani, kwenye usawa wa katikati ya karatasi, ili mistari ya juu na ya chini isipotoshwe sana na pembe ya kutazamia. Washeni taa nyingi au fanyeni kazi mchana karibu na dirisha kubwa, kwa maana mwanga ukiwa hafifu shata, yaani mlango wa kamera unaopitisha mwanga, hubaki wazi kwa muda mrefu na mpira huonekana kama mstari wenye ukungu.

Mtu mmoja aushike mpira karibu kabisa na ukuta bila kuugusa, kwenye alama ya juu, kisha afungue vidole viwili kwa pamoja bila kuusukuma. Kila mpira uangushwe angalau mara tano. Baada ya hapo video ifunguliwe kwenye programu inayoruhusu kusogeza fremu moja moja, na mtoto aandike mpira ulikuwa kwenye alama gani katika kila fremu, akianzia na fremu ya mwisho ambayo mpira bado haujasogea.

Video ya kawaida huwa na fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo fremu tatu ni sehemu ya kumi ya sekunde. Nadharia inasema kwamba kitu kinachoanguka kutoka hali ya kutulia, upinzani wa hewa ukiwa mdogo, kitakuwa kimeshuka sentimita 4.9 baada ya sekunde 0.1, sentimita 19.6 baada ya sekunde 0.2, sentimita 44.1 baada ya sekunde 0.3, na sentimita 78.4 baada ya sekunde 0.4. Mwambie mtoto aanze na 0, atoe kila namba kutoka kwenye inayoifuata, kisha agawanye tofauti hizo kwa ile ya kwanza. Atapata 1, 3, 5, 7. Mpangilio huo wa namba witiri ndio Galileo alioupata kwenye mbao zake, na mtoto anapouona ukijitokeza katika vipimo vyake mwenyewe, hata kama ni kwa kukaribia tu, hahitaji tena kushawishiwa kwamba sayansi ni jambo la kweli.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni idadi halisi ya fremu. Simu nyingine hubadilisha kasi hiyo kidogo kulingana na mwanga, na video ya mwendo wa polepole iliyopigwa kwa fremu 120 au 240 huweza kuchezwa kwa fremu 30, hivyo mtoto akahesabu muda kimakosa. Pigeni kwanza video ya saa ya kupimia mashindano ikikimbia, mhesabu ni fremu ngapi zinapita katika sekunde moja ya saa hiyo. La pili ni ukomo wa kipimo. Mpira ulioanguka mita 1.5 hufika chini baada ya sekunde 0.55 hivi ukiwa na kasi ya zaidi kidogo ya mita 5 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo husafiri karibu sentimita 18 ndani ya fremu moja ya video ya kawaida. Tofauti ndogo kati ya gololi na mpira wa tenisi ya mezani, ambao hewa huuchelewesha, inaweza kufichika kabisa katika fremu 30 na kuonekana katika 240. Mtoto anayepiga kwa kasi zote mbili na kuonesha kwamba jibu lilitegemea uwezo wa chombo chake amefanya jambo ambalo watu wazima wengi hawalifikirii.

Mradi wa pili: je, mwezi unaochomoza ni mkubwa kweli?

Karibu kila mtu anaamini kwamba mwezi mpevu ukiwa karibu na upeo wa macho ni mkubwa kuliko ukiwa juu angani. Kamera hailioni hilo. Uzuri wa mradi huu ni kwamba unalinganisha kile watu wanachosema na kile picha inachopima, na matokeo yake huwashangaza watazamaji bila mtoto kulazimika kupamba lolote.

Chagueni siku ya mwezi mpevu, ambao huchomoza karibu na wakati jua linapotua. Mtoto apige picha kumi mara tu mwezi unapoonekana wazi, kisha kumi nyingine kila baada ya saa moja kwa saa tatu au nne, akiwa na mtu mzima wakati wote. Kiwango cha zumu kisibadilike kamwe. Ili kuthibitisha hilo, kila seti iambatane na picha moja ya kitu kisichosogea, kama vile ukingo wa paa au nguzo iliyo mbali, kisha upana wake upimwe pia.

Mtego mkubwa uko kwenye mwangaza. Mwezi uliopigwa kwa mwanga mwingi kupita kiasi huwa duara jeupe lililovimba, na kwa kuwa mwezi ulio chini huwa na mwanga hafifu kuliko ulio juu, uvimbe huo unaweza kuleta tofauti ya uongo. Punguzeni mwangaza mpaka madoa ya kijivu kwenye uso wa mwezi yaonekane, na mhakikishe yanaonekana katika kila picha inayopimwa. Simu zenye uwezo wa kuutambua mwezi na kuuchora upya zizimwe uwezo huo. Halafu upimwe upana wa mlalo tu, kwa sababu angahewa hupinda mwanga wa mwezi ulio chini na kuubonyeza kidogo kutoka juu kwenda chini.

Picha zifunguliwe kwenye kompyuta na upana uhesabiwe kwa piseli. Simu isiyo na lenzi ya kuvuta mbali hutoa mwezi wenye piseli makumi machache tu, lakini hizo zinatosha kuonesha kwamba mwezi haukukua. Mwenye kamera yenye lenzi ndefu anaweza kugundua jambo la ziada: mwezi ulio kwenye upeo wa macho ni mdogo kidogo kuliko ulio juu kabisa, kwa sababu mtazamaji yuko mbali nao zaidi kwa umbali unaokaribia nusu kipenyo cha Dunia, yaani kilomita 6,371, katika umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Tofauti hiyo haizidi asilimia 2, ambayo kwa mwezi wenye upana wa piseli 300 ni piseli 5 hivi.

Usiku huo huo mtoto awaulize watu kadhaa, bila kuwadokezea jibu, wakadirie mwezi unaochomoza ni mkubwa mara ngapi kuliko utakavyokuwa ukifika juu. Makadirio yao yawekwe kwenye grafu moja na vipimo vya kamera. Sababu ya macho kudanganyika bado inajadiliwa na wataalamu wa saikolojia, na mtoto aseme hivyo waziwazi badala ya kutoa maelezo ya uhakika ambayo hana ushahidi nayo.

Mradi wa tatu: kuchapa picha kwa maji ya mimea

Kabla ya kamera za kidijitali, picha ilikuwa jambo la kemia, na mwaka 1842 mwanasayansi wa Uingereza John Herschel alieleza jinsi alivyotengeneza picha kwa kutumia rangi za maua zinazofifia juani. Njia hiyo haihitaji dawa zozote za sumu, ndiyo maana naiona inafaa zaidi kwa watoto wadogo. Inachohitaji ni subira.

Mtoto asage majani mabichi, petali za maua au kiazi chekundu cha bitiruti pamoja na maji kidogo, achuje kwa kitambaa, kisha apake kimiminika hicho kwenye karatasi nene ya kuchorea mara mbili au tatu, akiacha kila tabaka likauke mahali penye giza. Mtu mzima ndiye ashike kisu na mashine ya kusagia. Karatasi ikikauka, ikatwe vipande vya upana unaolingana, kila rangi vipande vitatu, na juu yake iwekwe karatasi nyeusi ngumu inayofunika sehemu yote isipokuwa ncha moja. Kila siku karatasi nyeusi isogezwe sentimita moja, ili mwishoni kipande kiwe na ngazi za rangi zilizopigwa na jua kwa siku moja, mbili, tatu na kuendelea. Vyote vifunikwe na kioo na kuwekwa mahali pale pale juani. Baadhi ya rangi hufifia ndani ya siku chache, nyingine huchukua wiki kadhaa.

Hapa ndipo kamera inapoingia kama kipimo. Vipande vyote vipigwe picha kwa pamoja, chini ya mwanga mmoja, vikiwa na karatasi nyeupe safi pembeni. Programu nyingi za kuhariri picha zinaweza kuonesha thamani ya rangi nyekundu, kijani na bluu ya sehemu yoyote inayoguswa, kuanzia 0 hadi 255. Mtoto asome thamani hizo katika kila ngazi, azilinganishe na za karatasi nyeupe, na achore grafu ya mwangaza dhidi ya idadi ya siku. Swali lake, "Ni rangi gani ya mmea inayofifia haraka zaidi juani?", litakuwa limejibiwa kwa mistari mitatu iliyo kwenye grafu moja. Vipande vyenyewe havina dawa ya kuvidumisha, kwa hiyo vikae ndani ya bahasha nyeusi mpaka siku ya maonyesho.

Mradi wa nne: kamera ya boksi

Mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka, na ndiyo sababu tundu dogo kwenye ukuta wa chumba chenye giza huchora ukutani taswira iliyopinduka ya mambo yaliyo nje. Ibn al-Haytham, mwanasayansi aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alilichunguza jambo hili kwa makini katika kazi yake kuhusu mwanga. Mtoto anaweza kulijenga upya kwa boksi la viatu, kipande cha karatasi ya alumini chenye tundu la sindano upande mmoja, na karatasi ya nta kama skrini upande wa pili.

Swali la kuvutia ni ukubwa wa tundu. Tengenezeni vipande vitano vya alumini vyenye matundu ya takribani milimita 0.3, 0.5, 1, 2 na 4, na mpime kila tundu kwa kulipiga picha kwa karibu sana pamoja na rula. Mbele ya boksi wekeni taa mbili ndogo zenye mwanga mkali katika chumba chenye giza, na kamera ya simu ipige picha ya skrini. Taa zisogezwe kukaribiana hatua kwa hatua mpaka nuru zake kwenye skrini ziungane. Umbali wa mwisho ambao bado zilionekana mbili ndio kipimo cha ukali wa tundu hilo.

Mtoto atatarajia kwamba tundu likizidi kuwa dogo picha itazidi kuwa kali. Hilo ni kweli mpaka kiwango fulani tu, kwa kuwa tundu dogo sana huufanya mwanga utawanyike kingoni mwake na picha kuanza tena kuwa na ukungu. Kwa boksi ambalo skrini iko sentimita 10 kutoka kwenye tundu, ukubwa ulio bora ni milimita 0.4 hivi. Tundu dogo hupitisha mwanga hafifu, hivyo kamera itahitaji kuacha shata wazi kwa sekunde kadhaa.

Mtu yeyote asiwahi kulitazama jua kupitia tundu, lenzi au kioo cha kamera. Sheria hii haina nafasi ya mjadala katika mradi wowote.

Mawazo mengine kwa ufupi

Mmea unaopinda kuelekea dirishani unafaa ikiwa kinachopimwa ni pembe. Picha moja kila baada ya dakika 15 hutoa picha 96 kwa siku, na mtoto akipima pembe ya shina kwa protrakta kila baada ya picha nne atapata grafu yenye maana. Usiku taa iliyo nyuma ya kamera isiwashwe na kuzimwa ovyo, kwani mmea utaifuata nayo.

Nyota nazo huchora tao zinapopigwa picha kwa muda mrefu kuelekea ncha ya anga. Pembe ya tao hilo ikigawanywa kwa muda inapaswa kutoa takribani nyuzi 15 kwa saa, ambao ni mzunguko wa Dunia yenyewe.

Mtoto mdogo zaidi anaweza kujaribu kama kamera inaona taa ya rimoti ya televisheni ambayo macho hayaioni, akilinganisha kamera ya mbele na ya nyuma katika simu kadhaa na kuhesabu ni ngapi zinazoiona. Ni mradi mwepesi, lakini ni wa haki.

Kupanga matokeo na kujiandaa kwa waamuzi

Ubaoni pawekwe swali, nadharia tete, njia, jedwali, grafu moja au mbili kubwa, na picha chache zilizochaguliwa kwa sababu zinaonesha jinsi kipimo kilivyosomwa. Picha yenye rula, mstari uliochorwa juu yake na namba kando ina thamani kuliko picha kumi za kuvutia. Kila picha iwe na tarehe, saa na vipimo vya kamera. Ikiwa picha yoyote iliongezewa mwanga au kukatwa, iandikwe hivyo, na nakala isiyoguswa ihifadhiwe. Nyuso za watoto wengine zisiwekwe ubaoni bila idhini ya wazazi wao.

Wiki moja kabla, keti na mtoto na umuulize maswali ambayo mwamuzi makini angeuliza: kwa nini ulirudia mara tano, ulijuaje kwamba kamera haikusogea, kipimo chako kinaweza kukosea kwa kiasi gani, na ungebadilisha nini ukianza upya? Ukiona anakutazama ili umjibie, rudini pamoja kwenye hatua hiyo ya kazi na aifanye tena kwa mikono yake. Siku ya maonyesho daftari liwe mezani likiwa wazi, pamoja na kifaa chenye picha zote za asili katika mafolda yaliyopangwa kwa tarehe, ili mwamuzi akitaka kuona jaribio la tatu la gololi, mtoto aweze kulifungua mwenyewe.